Uzi: Miyamoto alitaka kuchora manga, Horii wa Dragon Quest naye vilevile. Tunawalinganishaje na kina Tezuka?

Mpuliza Kaseti (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye magrupu ya anime na ya gemu kuna kauli inazungushwa kila mwezi: "Miyamoto ndiye Tezuka wa gemu." Watu wanagonga laiki, wanapita. Nami nimeigonga mara nyingi tu. Ila nikiitafakari naona imeruka jambo tamu kuliko yenyewe. Watu wa gemu wa Japani hawakuwa majirani wa wachora manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani. Wengi wao walitaka kuwa wachora manga, mlango ukawa mwembamba, wakaingilia dirishani kwenye nyumba nyingine.

Kwa wageni, kwa ufupi. Osamu Tezuka alizaliwa 1928 mkoani Osaka, akakulia Takarazuka, akasomea udaktari na leseni akaipata, lakini hakutibu watu. Alichora mpaka anafariki Februari 1989. Kurasa alizoacha zinakadiriwa kufika 150,000. Wajapani humwita mungu wa manga. Shigeru Miyamoto alizaliwa 1952 Sonobe, kamji ka mashamba na vilima karibu na Kyoto, akasomea usanifu wa bidhaa za viwandani kule Kanazawa, akaajiriwa Nintendo 1977. Donkey Kong 1981, Super Mario Bros. 1985, Zelda 1986. Hayo mnayajua.

Miyamoto akiwa shuleni alianzisha klabu ya katuni na ndoto yake ilikuwa kuishi kwa kuchora manga. Aliiacha. Siku ya usaili Nintendo alibeba vitu alivyovitengeneza mwenyewe, mojawapo ni vitundikio vya nguo vya mbao kwa ajili ya watoto, vyenye vichwa vya wanyama. Wakamchukua kama msanii. Sasa mtu wa namna hiyo ukimkabidhi skrini, unategemea afanye nini kama si kuchora hadithi?

Nisiende kwenye "huyu baba wa hiki, yule baba wa kile". Ukubwa wa mtu haunifundishi kitu. Mimi napenda kuangalia mikono yao walipokuwa na uhaba.

Chukua Super Mario Bros. ile ya kwanza. Simamisha gemu palepale steji ya kwanza. Tazama wingu juu, halafu tazama kichaka chini. Ni mchoro uleule. Huu umepakwa nyeupe, huu kijani, basi. Nilikaa na hiyo gemu utoto mzima sikuona, na siku nilipoonyeshwa nilijisikia kama nimetapeliwa na mtu ninayempenda. Kaseti nzima ilikuwa na kilobaiti 40. Picha moja ya harusi uliyotumiwa leo WhatsApp inaimeza na kubakiwa na njaa. Kwa hiyo wingu likafanya kazi mbili.

Sasa rudi nyuma, tarehe 1 Januari 1963. Studio ya Tezuka, Mushi Production, inarusha Tetsuwan Atom (Astro Boy), katuni ya mtoto roboti, kwenye televisheni, nusu saa kila wiki. Kwa ule utaratibu wa Disney wa kuchora kila mjongeo, wangefilisika kabla ya mwezi kwisha. Wakafanyaje? Mchoro mmoja unapigwa picha tatu badala ya moja. Mtu akiongea, mwili umekufa ganzi, mdomo tu ndio unacheza. Na michoro ya Atom akipaa angani haikutupwa. Iliwekwa kwenye walichokiita benki, wiki nyingine ikatolewa tena, nyuma ikabadilishwa mandhari. Wingu na kichaka hao hao, miaka 22 kabla.

Mario mwenyewe ni mtoto wa uhaba. Alikuwa na nafasi ya nukta 16 kwa 16. Mdomo hauchoreki, wakampa sharubu. Nywele zinasumbua, wakamvisha kofia. Mkono ukitembea hauonekani, wakamvisha ovaroli ili rangi ya mkono itofautiane na ya kiwiliwili. Huyo ndiye fundi bomba anayejulikana kuliko marais.

Kwa hiyo hoja yangu: usimlinganishe Miyamoto na Tezuka kwa umaarufu. Walinganishe kwa namna walivyodanganya jicho. Karibuni, mwenye nyundo aje nayo.

Kijana wa Tandika

Nimeweka kiti. Endeleeni wakuu.

Fundi Pedi

Mleta uzi umeandika vizuri ila umemsahau mwenye nyumba. Kama kipimo ni uhaba, basi mtu wa kulinganishwa na Tezuka ni Gunpei Yokoi.

Yokoi aliingia Nintendo 1965, enzi bado wanauza karata za hanafuda, kazi yake kutunza mashine za kiwandani. Alikuwa ametengeneza mkono wa kuchezea unaorefuka na kunasa vitu; bosi akauona, akasema huo tuuze. Ukawa Ultra Hand. Baadaye akaja na Game & Watch 1980, na wazo alilipata kwenye treni akimwangalia mtu wa ofisini anachezea kikokotozi kwa kukosa la kufanya. 1982 akaweka ule msalaba wa kidole gumba. Pedi yoyote uliyoshika maishani mwako, upande wa kushoto kuna kaburi la Yokoi.

Falsafa yake ilikuwa: chukua teknolojia iliyokwisha kunyauka, ya bei chee, inayojulikana kila kasoro yake, halafu itafutie kazi ambayo hakuna aliyeifikiria. Game Boy ya 1989 haikuwa na rangi, ilikuwa na vivuli vinne tu vya ukijani. Wapinzani wakatoa yenye rangi, Sega Game Gear, inakula betri sita na zinakata saa chache tu. Game Boy betri nne, unacheza mpaka unachoka wewe. Mnajua nani alishinda.

Na Donkey Kong yenyewe, Miyamoto alikuwa chini ya Yokoi. Tena kazi ile ilitokana na hasara: kabati za gemu ya Radar Scope zilikuwa zimedoda Marekani, yakatafutwa mambo ya kuingiza kwenye kabati zilezile. Waliomba kumtumia Popeye, haki hazikupatikana, ndipo akazaliwa sokwe.

Mwalimu wa Zamu

Naomba nipunguze utukufu kidogo, maana nimeona Tezuka anapandishwa mpaka mawinguni (au vichakani, kwa mujibu wa mleta uzi).

Kitabu kilichomtoa ni Shin Takarajima, 1947, Osaka. Vile vitabu viliitwa akahon, vitabu vyekundu, karatasi dhaifu, vinauzwa kwenye maduka ya pipi za watoto. Kinasimuliwa kama muujiza: dogo yuko kwenye gari anakimbilia bandarini, kurasa zinapita karibu bila neno, gari linakuja mbele, linageuka, linapita, kama filamu. Fujiko Fujio, wale wachoraji wawili wa Doraemon, walikuwa vijana wa mkoani walipokisoma, wakachanganyikiwa.

Lakini jalada lina watu wawili. Shichima Sakai ndiye aliyetoa mpango wa hadithi, na alizikata kurasa za Tezuka kama 60 hivi. Tena wapo wachambuzi wa Japani wanaoonyesha kwamba mbinu za kisinema zilikuwepo kwenye manga kabla ya vita. Tezuka hakuzizua, alizikusanya, akazitumia kwa wingi na kwa kasi mpaka kizazi kizima kikadhani ni zake. Sisemi hakuwa mkubwa. Nasema "mwanzilishi" mara nyingi ni yule ambaye watoto walimsoma wakiwa na miaka kumi.

Na kuna deni. Atom ya 1963 aliiuza kwa televisheni kwa bei ya chini mno ili apewe nafasi, akitegemea kufidia kwa mauzo ya vinyago na pipi. Bei ile ikageuka kuwa kipimo. Mushi Production ilifilisika 1973. Wachora anime wanaolia mishahara mpaka leo, baadhi yao humtaja yeye. Miyamoto hana deni la namna hiyo, kwa sababu alikuwa mwajiriwa. Hasara ilikuwa ya kampuni, na jina pia lilikuwa la kampuni.

Mpuliza Kaseti

Mwalimu, hapo kwenye jina umenigusa, maana ndipo ulinganisho unapochechemea. Mchora manga jina lake liko jaladani toka siku ya kwanza. Mbunifu wa gemu wa miaka ya themanini alikuwa mfanyakazi, na kampuni nyingi ziliogopa asije akanyakuliwa na mpinzani. Ukimaliza gemu, majina yanayopita mwishoni ni ya utani. Rieko Kodama wa Sega, aliyekuwa kwenye gemu ya Phantasy Star ya 1987, alijiandika "Phoenix Rie". Jina hilo ungemtafutia wapi?

Fundi Pedi, Yokoi nakubali kwa moyo mweupe. Ila Yokoi ni fundi wa kitu unachokishika. Hadithi inasimuliwaje, hapo namrudisha Miyamoto, na ushahidi ni huu.

Wajapani wana katuni za fremu nne, zinashuka moja chini ya nyingine. Kuna mpangilio wa kale wa hizo fremu, kishōtenketsu: fremu ya kwanza inatambulisha, ya pili inaendeleza, ya tatu inageuza meza, ya nne inafunga. Koichi Hayashida, aliyeongoza Super Mario 3D Land ya 2011, alieleza kwamba steji zao zinapangwa hivyo, na kwamba mawazo hayo yanatoka kwa Miyamoto ambaye ujanani alikuwa akichora katuni za fremu nne.

Mwenye hiyo gemu aende akapime. Steji inakuonyesha kitu kipya mahali ambapo ukikosea hufi. Mbele kidogo kitu kilekile, sasa chini kuna shimo. Halafu kinageuzwa kwa namna hukuitegemea. Mwisho unakitumia mara moja kwa madaha ukielekea bendera. Fremu nne. Ni katuni unayoisoma kwa miguu.

Nikiitazama Donkey Kong kwa jicho hilo naona skrini nne. Hilo ni langu, msinishtaki.

Dada wa Upanga

Mmejaza wanaume ukumbi mzima, na Kodama kaja kama mfano wa jina la utani tu. Naingia.

Mnazungumzia fremu nne bila kumtaja Machiko Hasegawa? Sazae-san alianza 1946 kwenye gazeti la jioni kule Fukuoka, kabla ya hiyo Shin Takarajima yenu, akahamia Asahi, akaenda mpaka 1974. Mama wa nyumbani asiyefuata mstari, nchi imetoka kupigwa mabomu, chakula ni cha mgawo, yeye anachekesha. Anime yake ilianza 1969 na bado inaruka. Na huyu Hasegawa pamoja na dada na mdogo wake walifungua kampuni yao ya kuchapisha, wakaiita kampuni ya madada. Hakusubiri bosi wa kumwandika jina la utani.

Halafu kina Moto Hagio na Keiko Takemiya. Walikaa nyumba moja Ōizumi, Tokyo, mwanzoni mwa sabini, na manga ya wasichana haikubaki ilivyokuwa: fremu zikavunjwa mipaka, mawazo ya mhusika yakaelea juu ya ukurasa bila kiputo, maua na nywele vikapita katikati ya sura ya mtu. Hilo si pambo. Ni namna ya kuchora kinachoendelea ndani ya kifua.

Nikiulizwa nani wa gemu alifanya la kufanana nalo, ndiyo namtaja Kodama. Phantasy Star ilitoka Desemba 1987, wiki hiyohiyo ya Final Fantasy ya kwanza, na anayeongoza safari ni msichana, Alis, anayelipiza kifo cha kaka yake. Siyo binti wa kuokolewa juu ya jukwaa la sokwe, mkuu.

Mpuliza Kaseti

Dada, kofia nimevua. Hapo kwa Hasegawa nilipaswa kuanza naye.

Baba Zawadi

Tuwe wakweli, huku kwetu wote tuliingilia kwa Dragon Ball. Hao kina Atom tumekuja kuwasoma ukubwani. Hivi Toriyama, mchoraji wa Dragon Ball, hapa anakaa upande gani?

Mpuliza Kaseti

Swali zuri, na ndilo linanipa nguvu ya hoja ya mwanzo.

Yuji Horii, mtu wa kisiwa cha Awaji, alikuwa kwenye klabu ya manga Chuo Kikuu cha Waseda. Alitaka kuchora. Akaishia kuwa mwandishi wa makala, akajifundisha kompyuta mwenyewe, akawa miongoni mwa washindi wa shindano la 1982 la kampuni ya gemu ya Enix, kwa gemu ya tenisi. Alikuwa pia akiandika safu ya gemu kwenye Shōnen Jump, gazeti la Dragon Ball. Mhariri aliyekuwa anamsimamia Akira Toriyama, Kazuhiko Torishima, ndiye aliyewakutanisha. Gemu yao, Dragon Quest, ikatoka Mei 1986.

Sasa tazama kazi ya mchora manga kwenye gemu. Horii alimpelekea Toriyama michoro ya mazimwi, na mmoja wao, Slime, ulikuwa ni rundo la ute, kitu kimemwagika sakafuni. Toriyama akarudisha tone. Tone moja la bluu, ncha juu, macho mawili mviringo, tabasamu. Mistari mnaweza kuihesabu kwa mkono mmoja. Ni adui wa kwanza kabisa kumpiga, na unamwonea huruma. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekuwa akitoa kurasa kila wiki kwa miaka, anayejua mstari gani ukiondolewa hakuna atakayeulizia.

Kwa hiyo Toriyama, Mungu ampumzishe, aliyetutoka Machi 2024, hakai upande. Ni mlango.

Na kuna mwingine anayenifurahisha zaidi. Shōtarō Ishinomori. Akiwa mwanafunzi wa sekondari huko Miyagi alimsaidia Tezuka kwenye Atom. Akahamia Tokiwa-sō, lile jengo la ghorofa mbili la mbao Tokyo alikokuwa ameishi Tezuka na baadaye wakakaa kina Fujiko Fujio, vyumba vya mikeka minne na nusu, choo cha pamoja. Akazaa Cyborg 009 na Kamen Rider. Tezuka alimpenda na alimwonea wivu. Ishinomori alipokuwa akichora Jun, kazi ya majaribio karibu isiyo na maneno, kwenye COM, gazeti la Tezuka mwenyewe, Tezuka akamwandikia msomaji barua kwamba ile si manga. Ikamfikia Ishinomori. Akataka kuacha. Tezuka akaenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Mungu wa manga, kasimama mlangoni kwa mtu aliyekuwa msaidizi wake.

Mwanafunzi huyohuyo, mwaka 1992, anachora Zelda ya A Link to the Past kwa ajili ya jarida la Nintendo Power la Marekani, mfululizo wa mwaka mzima. Mkono uliosaidia Atom ukamchora Link, shujaa wa Zelda. Baada ya kulijua hilo, "Miyamoto ni Tezuka wa gemu" nikaiona ni kauli ya watu wanaotazama miti miwili bila kuchimba chini.

Fundi Pedi

Hii ya Ishinomori sikuijua. Naomba nikae.

Mwalimu wa Zamu

Bado sijashawishika moja kwa moja. Manga inakuonyesha, gemu inakusubiri. Tezuka anajua utageuza ukurasa. Miyamoto hajui kama utabonyeza. Hideo Kojima alipotengeneza gemu ya Metal Gear mwaka 1987, kompyuta ya MSX2 ilikuwa haiwezi kubeba maadui na risasi nyingi kwenye skrini, akageuza vita kuwa kujificha. Uhaba ni uleule, sawa, ila jibu si la kuchora. Ni la kumfanya mtu mwingine atende. Hilo halikutoka kwenye fremu nne.

Mpuliza Kaseti

Mwalimu, hapo umenibana, na sitabisha kwa ubishi. Niseme tu nilivyokutana nalo mwenyewe.

Mashine yetu ilikuwa ya kuiga Famicom, baba aliinunua Kariakoo, kaseti ya njano imeandikwa gemu 9999 na ndani zilikuwa kama sita zinajirudia. Ukiichomeka haiwaki, unaitoa, unapuliza, unarudisha. Kaka yangu alikuwa na pedi, mimi nangoja zamu. Zamu ikafika. Kale kauyoga kenye uso wa hasira kakanijia kutoka kulia, kakaniua. Mara ya pili nikaruka. Nikagonga tofali lenye alama ya kuuliza, ukatoka uyoga mwingine. Nikaogopa, maana yule wa kwanza alikuwa ameniua sasa hivi. Uyoga ukaenda kulia, ukagonga bomba, ukarudi kwangu. Nikaruka kuukwepa, kichwa kikagonga matofali ya juu, nikaushukia. Nikawa mkubwa.

Miyamoto ameshaeleza kwamba pale palipangwa hivyo makusudi: bomba liurudishe, matofali yakuzuie, hata mwoga aupate. Mimi nilidhani ni bahati yangu. Kaka alidhani pia, akaninyang'anya pedi.

Sijui hiyo uiite kuchora au kutenda. Kwenye manga Tezuka ananiongoza jicho kutoka juu kulia kushuka kushoto, nami nadhani natazama nitakako.

Kijana wa Tandika

Wakuu swali la kizembe. Kwenye Super Mario Bros. na Zelda kuna mbunifu mwingine anaitwa Tezuka. Ni mtoto wa huyu mungu wa manga?

Mpuliza Kaseti

Hahaha. Huyo ni Takashi Tezuka, aliingia Nintendo 1984. Hawana undugu. Mimi nilibishana na jamaa yangu mwaka mzima kuwa ni mtoto wake, mpaka tukawekeana soda. Bado ananidai radhi, na kreti pia.